Diski imejaa: tusifute karatasi za watu juu ya filme

Kompyuta ikionyesha kama nafasi imekwisha, watu wengi wanakimbilia njia mbili: kufuta kila kitu kinachoonekana cha zamani, ao kuita fundi aiformati. Kwa mawazo yetu njia zote mbili ni mbaya, na hapa Mbau ni mbaya zaidi.

Sababu iko wazi. Tangu Oktoba 2014 watu wa teritware ya Beni wanakimbia, wanarudi, wanakimbia tena. Nyumba ikiwaka, atestasyo ya kuzaliwa, biletini za watoto na karatasi ya shamba zinawaka nayo. Pengine kopi inayobaki ni ile iliyo mu kompyuta ya sekretariati kando ya barabara ya Oicha, kule mwenyewe alienda kuiskanisha. Mwenye sekretariati anaona fishie ya 2017, jina halijui, anafuta. Ile karatasi imeungua mara ya pili.

Na tena anafuta bure! Ukurasa moja wa maandishi unakamata kilobaiti 30 hivi. Karatasi iliyoskaniwa inafika megabaiti moja ao mbili. Filme moja inaweza kufika gigabaiti 1. Fanya hesabu: filme moja inakula nafasi ya kurasa zaidi ya elfu 30. Kinachojaza diski zetu ni filme, miziki, video za WhatsApp, na kitu kimoja kilichokopiwa mara tatu. Karatasi za raia haziko na kosa.

Tunajua, filme njo zinaleta feza ya mafuta ya jenereta. Basi ziwekwe ku diski ya inje, kompyuta ibaki na kazi.

Mbele ya kufuta, tuangalie kwanza nini iko inajaza. Ku Windows, ingia mu Paramètres, halafu Système, halafu Stockage: itakuonyesha uzito wa kila kitu. Fishie za muda tu unaweza kuondoa bila woga. Lakini angalisho: mu ile liste kuko pia Téléchargements. Ukiweka alama pale, karatasi zote zilizotoka ku intaneti zinaenda. Na ukumbuke, kitu ulichotupa mu Corbeille kingali kinakamata nafasi mpaka uimwange.

Kuko wengine wanaolalamika kama waliibiwa: diski ya gigabaiti 500, kompyuta inaonyesha 465. Hapana, hakuna mwizi. Mwenye kutengeneza anahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024. Diski ni ile ile.

Tunaomba mambo mawili. Wenye sekretariati, shule na vituo vya afya waweke kopi ya pili ya karatasi za watu ku diski nyingine, na ile diski ilale Beni ao Butembo, si mu nyumba moja na kompyuta. Siku ya kukimbia hakuna anayebeba kompyuta ku kichwa. Pili, mbele ya kufuta karatasi ya mtu, mwenyewe aitwe kwanza, apewe kopi yake ku flashi.

Filme tutaipata tena ku soko. Atestasyo ya mtoto ambaye avoka yake na kijiji chake vilitawanyika, tutaitoa wapi?