Tuache Kuwashiana Taa

Ninyi mnaosafiri kutoka Kyaka kwenda Kayanga bila shaka mmeliona jambo hili. Dereva anayekuja mbele anawasha na kuzima taa mara mbili tatu, na dereva wenu anapunguza mwendo papo hapo. Mbele kuna trafiki mwenye tochi. Mkishampita, gari linarudia kasi yake, hata kama hatua chache mbele kuna shule. Nasi abiria tunafurahi kwamba dereva wetu ameponea faini!

Kwa maoni yangu, desturi hii ni sawa na kumficha mgonjwa wa kipindupindu ili bwana afya asimwone.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu. Gari lenye mwendo huo hukata mita 14 kwa sekunde moja. Lenye mwendo wa 80 hukata mita 22. Na sekunde hiyo ndiyo anayoihitaji dereva ili amwone mtoto na kukanyaga breki. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukipungua kwa asilimia 5 tu, ajali zinazoua hupungua kwa asilimia 30. Ni chanjo gani tungeikataa yenye nguvu namna hiyo?

Tochi hushikwa na mtu, na mtu huchoka, hunyeshewa, na (tusifichane) huweza kupewa ya soda. Kamera iliyofungwa kwenye nguzo hupiga picha namba ya gari usiku na mchana, wala haiulizi dereva ni mtoto wa nani. Mabasi ya mikoani tayari yana kifaa cha LATRA kinachopeleka taarifa za mwendo wao. Lakini Noah na Fuso je?

Hata hivyo tuwatazame jirani zetu, ng'ambo ya Murongo. Juni 2025 Uganda ilianza kutoza faini kwa kamera, na baada ya siku chache ikasimamisha. Wananchi walilalamika kuwa faini ni kubwa mno na vibao vya mwendo havieleweki. Walikuwa na hoja. Kamera isiyotanguliwa na kibao ni mtego wa kukusanya fedha, na watu wataichukia kwa haki.

Basi pale Kihanga, Kayanga na Omurushaka, kibao kikubwa kiwe cha kwanza, halafu kamera isiyofichwa, karibu na wanapovuka watoto. Bodaboda isiyo na namba inayosomeka haitanaswa. Huyo dawa yake ni tuta.

Tuta na kibao havihitaji kusubiri mitambo. Wazazi wa shule iliyo kando ya lami wanaweza kukubaliana katika mkutano wa kijiji, wakamwandikia Meneja wa TANROADS mkoani barua, na nakala wampe diwani.