Mtu si farumi

Wadau, tuanze na zile video, mnazijua. Trekta limefungwa loda mbele, ndoo imejaa mchanga mpaka unamwagika. Dereva anavuta wenzo kuinua, mara yale magurudumu makubwa ya nyuma yanaondoka chini. Trekta limebong'oa. Vijana wawili watatu wanakimbia kuning'inia nyuma ili lirudi. Halafu chini ya video ni emoji za kucheka tu. "Trekta linapiga pushapu."

Mimi sioni kichekesho hapo. Naona mwenye trekta aliyebana pesa, na naona watoto wa watu wamegeuzwa mawe.

Na sisi watu wa Takaungu ndio hasa hatuna kisingizio. Sisi ni watu wa vyombo. Lugha yetu ilikuwa na neno la hii kitu kabla trekta halijaundwa: farumi. Jahazi likiwa halina shehena, nahodha haling'oi nanga hivi hivi. Anatia mawe au mchanga ngamani, ndipo chombo kikae majini kisipinduke. Hakuna aliyesema hiyo ni hasara. Farumi ilikuwa sehemu ya chombo, kama tanga. Leo mjukuu wa nahodha anapewa trekta, anafungiwa loda omo, na tezi inaachwa tupu. Kwani uzito ni wa baharini pekee?

Mnaujua mzega: mti begani, ndoo ya maji mbele, ndoo nyuma. Toa ile ya nyuma uone kama ya mbele itakaa. Kwa trekta la loda, bega ni ekseli ya mbele. Kila unachokiinua mbele yake kinataka kuinua kilicho nyuma yake.

Hii haitaki digrii, na mnajua mimi sina. Ni zile momenti za Form Two. Tuseme ndoo imebeba kilo 600 za mchanga, mita moja na nusu mbele ya ekseli ya mbele. 600 mara 1.5 ni 900. Sasa chukua pipa la lita 200 ulijaze zege. Mita moja ya ujazo ya zege ni kama kilo 2,400, kwa hiyo pipa lako ni kilo 480 hivi. Litundike nyuma, kwenye ile mikono mitatu ya kufungia jembe, tuseme mita 3 kutoka ekseli ile ile. 480 mara 3 ni 1,440. Pipa ni jepesi kuliko mchanga, na bado limeshinda, kwa sababu limekaa mbali.

Najua kuna mtu anaandika saa hizi: "Bro, trekta lenyewe ni zito, mbona siku zote halibong'oi?" Kweli, siku nyingi halibong'oi. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Hatari haianzi magurudumu yanapoondoka chini. Inaanza yakiwa bado yamegusa, lakini hayana uzito. Matrekta mengi ya kawaida yana breki kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Sasa nyuma kukiwa kwepesi, unakanyaga breki kwenye mteremko wa kushuka kriki na unateleza tu, kwa sababu hakuna kinachoshika ardhi. Halafu ile ekseli ya mbele imeshikiliwa na pini moja katikati ili ipande na kushuka na ardhi. Maana yake kinacholizuia trekta lisilale ubavu ni nyuma. Ukiinyima nyuma uzito, ukainua ndoo juu, ukapita kwenye shimo upande mmoja, linalala. Na dereva yuko pale pale.

Sasa tuje kwenye visingizio.

Cha kwanza: "Uzito unakula dizeli." Sawa, unakula kidogo. Ndio maana pipa linatundikwa kwa pini na linatolewa. Ukienda kulima, lishushe. Lakini mbona hatuhesabu tairi za mbele zinazokwisha mapema, na beringi, na ekseli yenyewe inayobeba mzigo wote peke yake?

Cha pili: "Nimetia maji kwenye tairi za nyuma." Vizuri sana. Kujaza maji kama robo tatu ya tairi, au kufunga vyuma kwenye rimu, kunasaidia magurudumu kushika chini. Lakini uzito huo umekaa pale pale kwenye ekseli ya nyuma, kwa hiyo ekseli ya mbele haipunguziwi mzigo. Kinachoipumzisha ni uzito uliotundikwa nyuma zaidi. Kiasi gani? Kitabu cha loda kinasema. Kama mdosi ametupa kitabu, muuzaji anacho.

Cha tatu ndicho kinachonichoma: "Vijana wakae nyuma." Maze, mtu si farumi. Kwenye mashindano ya mashua Lamu, watu wanakaa kwenye ubao nje ya chombo kukisawazisha, na tunawashangilia. Lakini yule akianguka, anaanguka majini. Wewe ukianguka nyuma ya trekta linalorudi kinyumenyume unaangukia wapi? Tena vijana watatu wa mtaani hawafiki hata nusu ya pipa moja la zege. Yaani unahatarisha roho tatu na bado uzito hautoshi.

Cha nne: "Dereva ni mzembe." Ndiyo, dereva anafaa kutembea ndoo ikiwa chini, asikate kona kwa kasi, na mkanda afunge kama trekta lina fremu ya kumkinga. Lakini dereva si ndiye anayenunua pipa. Wengi wanapandishwa trekta asubuhi, wanaonyeshwa wenzo tatu, na saa nne wako kazini. Tukimlaumu aliyelaliwa na chuma, aliyebana pesa analala kwake fiti.

Na cha tano, "ni kudra." Kudra ipo. Lakini mababu zetu walimwamini Mungu huyo huyo, na farumi wakatia.

Tupige hesabu ya pesa basi. Pipa moja la zege halimalizi mifuko miwili ya simiti. Mifuko miwili! Kaunti hii simiti inatengenezwa Vipingo, barabara hii hii. Mchanga na kokoto tunavyo. Anayekwambia hawezi kumudu farumi lakini amemudu trekta na loda anakuambia bei ya roho yako: iko chini ya mifuko miwili.

Na sheria ipo, ila hatuisomi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, inasema ukiona hatari kubwa ya papo hapo unairipoti kwa msimamizi, na ukiondoka mahali hapo kwa sababu ya msingi, hufai kufutwa wala kuadhibiwa. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo, ile watu wanaita WIBA, inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi bima.

Mtasema ukikataa kuna kumi wanangoja nje. Najua. Mashambani, matimboni, kwenye barabara zinazojengwa, ni hivyo. Ndio maana mmoja hatoshi. Wote kumi wakiuliza swali moja kabla ya kupanda, "Farumi iko wapi?", mdosi atanunua simiti.

Kwa hiyo wewe mwenye kaka, binamu au beshte anayeendesha hizi mashine, mtumie hii leo. Na ikija tena ile video ya trekta limebong'oa, usiweke emoji. Andika hapo chini: mtu si farumi.