Sauti Zibanwe Bila Kupunjwa

Ala ya muziki iliyomo katika programu ya kompyuta haina nyuzi wala ngozi. Hutumia sampuli, yaani sauti fupi za ala halisi zilizorekodiwa noti kwa noti. Sekunde moja ya sauti ya stereo kwa kipimo cha CD huhitaji baiti 176,400. Hivyo piano yenye noti 88, kila moja ikipigwa kwa nguvu mbalimbali, hujaza nafasi kubwa. Ndiyo maana sampuli hubanwa kabla ya kufungwa pamoja.

Njia ya MP3 hutupa sehemu ambazo sikio halitazamiwi kuzisikia. Njia ya FLAC, iliyotolewa mwaka 2001, huandika tarakimu zilezile kwa ufupi, na faili ikifunguliwa hurudi zote kamili.

Ni kweli kwamba faili ya FLAC ni kubwa zaidi, na kwa usikilizaji wa kawaida MP3 yatosha. Lakini sampuli ni malighafi: programu huipandisha, huishusha na kuichanganya na nyingine, na kasoro iliyojificha huweza kudhihirika. Kwa hiyo mwenye kuhifadhi sauti za ala hana budi kuchagua FLAC. Nafasi hununuliwa, sauti iliyotupwa hairudi.