Simu ya kwanza ya mzee wa Kasumbalesa: achague mwenyewe, namba iwe kwa jina lake

Kasumbalesa, mji wa mpakani ulio umbali wa kilomita 90 hivi kutoka Lubumbashi, unaishi kwa simu. Dereva wa lori la shaba anapiga kuuliza msururu umefika wapi. Wakala wa forodha anatuma picha ya hati. Mama anayeuza unga kutoka Zambia anauliza bei ya kwacha kabla hajabadilisha franka zake. Kwa miaka mingi wazee wa mji huu wameyafanya yote haya kwa simu ndogo ya vitufe, ile ambayo chaji yake inadumu siku tatu hata SNEL ikikata umeme, na hawakuona pungufu.

Sasa pungufu limeonekana, na limeletwa na watoto. Aliyeko Kolwezi au Johannesburg hapigi tena kwa mtandao wa kawaida. Anatuma sauti kwa WhatsApp, na picha ya mjukuu aliyezaliwa jana inaishia kwenye simu ya jirani. Habari za mpaka nazo zimehamia huko. Agosti 2024, Zambia ilipotangaza kufunga vituo vya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache kwa sababu ya mgogoro wa vinywaji vilivyopigwa marufuku kuingia Kongo, tangazo la namna hiyo lilikuwa la kupita kwenye simu kabla ya kufika mdomoni mwa mtu. Mwenye simu ya vitufe hulijua akiwa tayari kwenye kizuizi, mizigo kichwani.

Kwa hiyo familia nyingi zinaamua mzee apate simu janja. Uamuzi ni mzuri. Namna unavyotekelezwa mara nyingi ni mbaya, na hasara yake inamwangukia mzee.

Mambo huwa hivi. Kijana wa Lubumbashi ananunua simu mpya, ile ya zamani anampelekea baba yake. “Baba, hii itakutosha.” Kadi ya SIM imesajiliwa kwa jina la kijana, akaunti ya Google ni ya kijana, namba ya siri ya kutoa pesa anaijua mjukuu wa miaka kumi na minne kwa sababu “nkambo anasahau.” Mzee anashika simu mkononi, lakini hakuna kitu ndani yake kilicho chake. Siku kijana akipoteza kazi, akigombana na wadogo zake au kadi ikifungwa, baba anagundua kwamba pesa ya unga iliyokuwa ndani si yake kwa karatasi yoyote. Akienda ofisini na kitambulisho chake, jina halilingani, na hapo hana la kusema.

Hili ndilo jambo la kwanza, nalo linatangulia aina ya simu na bei yake: kadi iandikishwe kwa kitambulisho cha mzee mwenyewe, naye awepo siku hiyo. Namba ya siri aichague yeye. Anayeogopa kuisahau aifungamanishe na jambo analolijua peke yake, si mwaka wake wa kuzaliwa ambao umeandikwa kwenye kadi ya mpiga kura na kila mtu nyumbani anaujua. Watu wanaofikiri mzee hawezi kutunza namba nne wanasahau kwamba huyo huyo anakumbuka kichwani madeni ya wateja ishirini.

Jambo la pili linaweza kuwashangaza wauzaji: simu ndogo isitupwe. M-Pesa ya Vodacom, iliyoanza Kongo mwaka 2012, haihitaji simu janja. Wala Airtel Money na Orange Money. Zote zinakwenda kwa namba fupi kwenye simu yoyote. Basi kadi yenye pesa ibaki kwenye simu ya vitufe, ndani ya kitambaa cha kiunoni kama zamani, na simu janja ibebe kadi nyingine ya WhatsApp na mega. Simu janja ndiyo inayoibwa sokoni na kwenye maegesho ya malori. Ikiibwa ile isiyo na pesa, mzee atakosa picha za wajukuu kwa mwezi mmoja. Ikiibwa yenye vyote, na namba ya siri ni ile ya mwaka wa kuzaliwa, atakosa mtaji. Baada ya miezi sita, akishaizoea, aunganishe akitaka.

Sasa simu yenyewe. Aliyezoea kununua nguo kwa kuishika ataambiwa na muuzaji habari za kamera. Kamera si kitu kwa mtu anayetaka kuona uso wa mjukuu na kusikia sauti ya dada yake. Vinavyohitajika ni vichache: kioo kikubwa ambacho maandishi yake yanaweza kukuzwa, spika yenye sauti ya kutosha kwa sikio lililozeeka, betri kubwa kwa sababu ya umeme wa hapa, mtandao wa 4G, na nafasi ya kadi mbili. Kadi mbili Kasumbalesa si anasa. Biashara iko pande zote mbili, na mtu mwenye ndugu au mteja Chililabombwe anahitaji namba ya Kongo na ya Zambia.

Kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile inayoitwa RAM, isiwe chini ya giga 2. Google yenyewe iliweka kiwango hicho kama cha chini kwa simu nyepesi za Android 13. Simu ya giga 1 inauzwa bado, tena kwa bei inayovutia, lakini itakwama kila mzee akifungua picha, naye ataamini kosa ni la vidole vyake. Wazee wengi walioacha simu janja waliacha kwa aibu hiyo, wakati kosa lilikuwa la chombo.

Kuhusu mtumba, tahadhari ni kubwa zaidi. WhatsApp huacha kufanya kazi kwenye mifumo ya zamani. Android 4 haipokelewi tena, na simu za vitufe zenye mfumo wa KaiOS, zilizowahi kusifiwa kama jibu la bei nafuu kwa Afrika, zilikatwa mwaka 2025. Kwa hiyo simu ya zamani ya kijana inaweza kufika kwa baba ikiwa imebakiza muda mfupi wa kuishi. Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi aweke kadi yake ndani, apige, afungue intaneti, apige picha, achomeke chaja. Abonyeze *#06# aone kama namba inayotokea ni ile iliyoandikwa kwenye kasha. Kisha aulize jambo ambalo wauzaji hawapendi kuulizwa: akaunti ya Google iliyomo ni ya nani? Dukani mara nyingi kijana wa kaunta hufungua akaunti haraka haraka kwa neno la siri analolijua yeye, au huacha ya mwenye simu wa kwanza. Siku simu ikifutwa na kuanza upya itadai akaunti hiyo hiyo, na bila neno lake inakuwa kipande cha kioo. Neno la siri liandikwe kwenye daftari la nyumbani, kwa mwandiko wa mzee.

Mtandao nao usichaguliwe kwa tangazo la ukutani. Vodacom, Airtel na Orange wana wateja wao na wote wana sehemu wanazosikika vibaya. Njia ya kujua ni rahisi: mzee aazime simu ya jirani wa kila mtandao, aingie nayo chumbani anakolala, ajaribu saa mbili usiku wakati watu wote wako mtandaoni. Mtandao unaoruka kwenye barabara kuu unaweza kufa nyuma ya nyumba.

Halafu kuna hila ya mpaka, ambayo watu wa Likasi hawana haja ya kuijua. Nyumba zilizo karibu na mstari zinapokea mawimbi ya nchi zote mbili. Simu ikipoteza mtandao wake hutafuta mwingine, nayo inaweza kujishika na mtandao wa ng’ambo bila mwenyewe kuvuka hatua moja. Mega za forfe ya Kongo hazifanyi kazi huko, au zinatozwa kwa bei ya msafiri. Mzee anaweka unite asubuhi, mchana hazipo, anamlaumu mama wa kabine aliyemuuzia. Dawa ni kuzima data za ugenini, mahali palipoandikwa “itinérance” kwenye simu ya Kifaransa, na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiacha simu ichague. Ni kazi ya dakika mbili kwa anayejua. Anayeuza simu Kasumbalesa bila kuifanya kazi hiyo amefanya nusu ya biashara.

Na namba ziandikwe kwa msimbo wa nchi. Airtel ya Kongo ina namba zinazoanza na 097, na Airtel ya Zambia pia. Namba iliyohifadhiwa bila +243 au +260 inaweza kumwamsha mtu asiyehusika kabisa, na kwenye WhatsApp ndugu huyo hataonekana.

Tufike kwenye mega, ambako ndiko pesa inakoishia. Simu inanunuliwa mara moja. Mega zinanunuliwa kila wiki mpaka mwisho, na familia inayotoa simu bila kusema nani atalipa mega imempa mzee deni. Forfe ya siku moja ndiyo inayopendwa kwa sababu bei yake ni ndogo. Kwa kijana anayetazama video toka asubuhi hadi usiku ina maana, maana anaimaliza. Mzee anatuma sauti tano na kutazama picha kumi, kisha saa zinatimia na mega zilizobaki zinapotea. Mwishoni mwa wiki amelipa mara saba kwa kitu alichotumia robo yake. Forfe ndogo ya wiki, au ya mwezi kwa anayepokea fedha ya mwisho wa mwezi kutoka kwa mtoto, inamfaa zaidi. Na data zizimwe forfe ikiisha, kwa sababu bila forfe simu inakula unite za kawaida kwa bei kubwa kuliko ya mega za forfe.

Matumizi yenyewe yana uzito tofauti. Ujumbe wa maandishi ni kama vumbi. Kupiga kwa sauti WhatsApp kwa kawaida kunakula chini ya mega 1 kwa dakika. Kupiga kwa video kunakula mara kadhaa ya hapo. Kinachomaliza forfe bila kuaga ni video zinazojifungua zenyewe Facebook, na picha na video za makundi ya kanisa na familia zinazoingia simuni bila mtu kuziomba. Upakuaji huo wa kujiendesha uzimwe siku ya kwanza, na masasisho ya programu yasubiri Wi-Fi ya mtoto akija kutembea.

Wakongo wana sababu ya kuwa na shaka unite zinapopungua. Mwaka 2020 serikali ilianzisha rejista ya simu iliyoitwa RAM, ikatoza dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na hadi dola 7 kwa ya 3G na 4G, na fedha hiyo ikakatwa kwenye unite za watu. Malalamiko yalifika hadi Bungeni, na mwaka 2022 makato yakafutwa. Mzee anayekumbuka hayo na kukataa simu kubwa kwa hofu ya kukatwa si mjinga, alikatwa kweli. Anastahili kuelezwa kwamba makato hayo yalifutwa, na kuonyeshwa jinsi ya kutazama salio lake kabla na baada ya kutumia, ili akipoteza ajue alipoteza wapi.

Lugha ya simu ni suala dogo lenye ubishi wake. Android ina Kiswahili, lakini ni Kiswahili cha vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi, na “mipangilio” inaweza kumgomea mtu aliyezoea kusikia “paramètres” kwa wajukuu. Achague anayoisoma kwa urahisi. Asiyesoma kabisa asikataliwe simu kwa sababu hiyo: kitufe cha kurekodi sauti kinatosha kumpa sehemu kubwa ya anachokihitaji.

Jambo moja tu asilegezewe. Ujumbe wenye tarakimu sita ukiingia kwenye simu yake, asimsomee mtu, hata akijitambulisha kama mtoto wa shemeji au wakala wa kampuni. Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa WhatsApp yake, na mwizi akizipata ataomba pesa kwa ndugu wote kwa jina la mzee. Wanaoheshimu wazee ndio wanaotuma haraka bila kuuliza.

Masomo yenyewe yasitolewe kwa haraka ya kijana anayewahi basi la Lubumbashi. Siku ya kwanza kupokea na kukata. Siku ya pili kutuma sauti. Kijana asimpokonye mzee simu mkononi kila anapokosea. Amwache abonyeze kosa lake, arudi, abonyeze tena. Na kabla ya haya yote, siku ya kwenda dukani, mzee atangulie mlangoni na pesa iwe mfukoni mwake, ili muuzaji ajue ni nani wa kumweleza.