Ratcliffe haikuzimwa kwa siku moja

Ndugu mwandishi, umeisimulia vizuri 30 Septemba 2024, siku kituo cha Ratcliffe-on-Soar kilipozimwa na Uingereza ikahitimisha miaka 142 ya umeme wa makaa ya mawe. Ila umeiruka miaka ya katikati, nami naona uzito wote umo humo. Kituo kile cha megawati 2,000, kilichoanza kazi miaka ya 1960, kilifungiwa mitambo ya kuondoa salfa kwenye moshi, baadaye na ya kupunguza oksidi za naitrojeni. Bila hivyo kisingefika 2024. Kanuni za Ulaya za hewa chafu zilifunga vituo kadhaa vya rika lake. Na serikali ilitangaza tangu 2015 kwamba makaa yataachwa, hivyo wafanyakazi walipata muda wa kujipanga. Tafadhali tuandikie habari zao.