Mhadhiri Naye Huchoka

Wapo ndugu zetu maofisini na mashuleni wanaodhani kwamba mhadhiri wa Chuo Kikuu anakula raha: hufundisha saa chache kwa juma, kisha hujipumzikia. Dhana hiyo ni potofu.

Oktoba 1961, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake, wote wa sheria, hawakufika ishirini. Mwalimu aliweza kumjua kila mmoja kwa jina. Leo huko Mlimani darasa moja la mwaka wa kwanza huweza kuwa na mamia ya wanafunzi, na kila mmoja huandika mtihani. Nani husahihisha? Ni mhadhiri yule yule, usiku, nyumbani kwake. Kulipokucha anadaiwa makala za utafiti, maana bila hizo hapandi cheo. Rundo lile lililomkesha halimpandishi popote.

Katika miaka ya 1980, mishahara ilipopoteza thamani, wahadhiri walifuga kuku na ng'ombe. Nani awabeze? Siku hizi wengine hufundisha jioni katika vyuo vingine. Mfuko hupata nafuu, lakini mwili huzidi kuchoka, na mwanafunzi husomewa maandishi ya mwaka juzi.

Kuwahubiria uvumilivu hakutoshi. Mabaraza ya vyuo hayana budi kuzihesabu saa za kusahihisha kuwa ni kazi, na Serikali iruhusu wahadhiri wasaidizi zaidi waajiriwe.