NYUMBA NA SHAMBA: Matufaha ya Robo Eka

Barua tuliyoichagua safari hii yatoka kwa mke wa koplo mmoja aishiye kambini. Aeleza kwamba mumewe yu karibu kustaafu, nao wanacho kipande cha ardhi, robo eka, nyumbani kwao Kigezi. Watoto wameotesha mbegu za matufaha ya dukani katika makopo, na miche imefika kimo cha goti. Auliza kama miche hiyo yafaa kupandwa shambani, au wanunue mingine kwa fedha za kiinua mgongo.

Kiinua mgongo hulipwa mara moja tu, kwa hiyo twajibu bila kuzunguka. Mama, miche hiyo usiitupe, lakini usiipande kama ilivyo ukitazamia matunda.

Mbegu ya tufaha haizai mfano wa mama yake. Ua la mtufaha aghalabu hukataa chavua ya miti ya aina yake, likataka ya aina nyingine, hivyo kila mbegu ina baba mgeni. Ukiotesha mbegu kumi utapata miti kumi isiyofanana, na mingi katika hiyo itazaa vitunda vidogo vikali, tena baada ya kungoja miaka sita hadi kumi. Zaidi ya hayo, mtufaha ni mti wa nchi za baridi. Huko hupukutisha majani na kulala, na macho yake hayaamki vema mpaka yapate baridi ya chini ya nyuzi 7 za Selsiasi kwa muda mrefu. Aina nyingi zataka saa 1,000 hivi. Baridi hiyo hatunayo, hata Kabale, palipoinuka mita 1,800 na zaidi. (Mtufaa wa Unguja, wenye tunda jekundu la majimaji, ni mti mwingine kabisa, nao wapenda joto.)

Aina zinazofaa milima yetu ni zile zitosheazo kwa baridi kidogo, saa 200 au 300. Ya kwanza ni Anna, iliyozalishwa Israeli. Ya pili ni Dorsett Golden, iliyoanzia visiwa vya Bahama. Zipandwe pamoja, maana Anna ikiwa peke yake huzaa kwa uchache, na nyuki ndio wachukuzi wa chavua baina yao. Wenzetu walio katika kambi za Gulu au Jinja wasipoteze fedha kwa matufaha; joto la huko lafaa miembe na michungwa.

Shauri letu ni hili. Nunueni miche kumi tu iliyokwisha kubebeshwa, saba ya Anna na mitatu ya Dorsett Golden. Msinunue juu ya lori la barabarani. Mche wa kweli una kovu au kiwiko kwenye shina, upana wa kiganja hivi juu ya udongo, mahali mti wa juu ulipounganishwa na shina la chini. Shina lililonyooka kama fimbo, lisilo na alama yoyote, ni la mbegu, hata muuzaji akiapa. Mwulizeni pia jina la shina la chini. MM106, lililotolewa Uingereza, ni jema: hufanya mti wa kimo cha wastani, na mizizi yake huwastahimili wale vidukari wenye manyoya meupe kama pamba.

Mwaka ujao, miche hiyo kumi itakapokuwa na matawi, ndipo miche ya watoto itakapopata kazi, kwani itakuwa mashina ya chini. Chagueni iliyofikia unene wa penseli. Kateni kitawi cha unene huohuo kutoka mti wenye afya, chenye macho matatu au manne. Ondoeni majani, mkifunge katika kitambaa kibichi. Futeni kisu kikali kwa spiriti. Kateni shina kwa mshazari, mkato mmoja wa sentimita 4 usio na mawimbi, kisha kitawi vivyo hivyo, mviweke uso kwa uso. Siri yote i katika ule utando wa kijani chini ya gamba: wa juu ukutane na wa chini. Kama kitawi ni chembamba, kiegemezeni upande mmoja utando ukutane hapo, msikiweke katikati. Fungeni kwa ukanda wa nailoni, mkazo wa kutosha, na ncha ya juu mpakeni nta ya mshumaa. Baada ya majuma matatu hadi sita macho yatafunguka. Kila chipukizi litokalo chini ya kiungo livunjwe, na ukanda ukatwe kabla haujaanza kulinyonga shina. Asiyewahi kufanya kazi hii ajizoeze kwanza kwa vijiti vya mforosadi. Mikono hujifunza upesi kuliko masikio.

Kuhusu upandaji, mashimo yachimbwe kabla ya mvua, sentimita 60 kila upande, na udongo wa juu utengwe na wa chini. Changanyeni ule wa juu na debe la samadi iliyooza. Kiungo kibaki juu ya ardhi kwa sentimita 10 au zaidi, kwani kikifukiwa mti wa juu hutoa mizizi yake wenyewe, na faida ya shina la chini hupotea. Miti ya MM106 iachane mita 4, ya mashina ya mbegu mita 5, kwa kuwa hiyo hukua mikubwa. Basi robo eka yachukua kama miti 60 ya namna ya kwanza au 40 ya pili. Majani makavu ya kufunikia udongo yasiguse shina.

Mche ukishika, ukateni kwa kimo cha kiuno ili utoe matawi, kisha matawi hayo yafungwe kwa kamba yalale kidogo. Lililosimama wima hukua tu, lililolala huzaa. Matunda ya mwaka wa kwanza yaondolewe yangali madogo. Watoto watanung'unika.

Liko jambo moja la mwisho kwa miti iliyokwisha kuzaa. Huko Batu, katika Jawa Mashariki, Indonesia, wakulima huchuma majani yote kwa mkono majuma machache baada ya mavuno. Mti hudhani umepita majira ya baridi, ukachanua upya, nao huvuna mara mbili kwa mwaka. Kazi hiyo yafaa Kigezi pia. Ifanyeni udongo ukiwa na unyevu, na msiyavute majani kuelekea chini, maana jicho la ua hukaa kwenye kikonyo cha jani, nalo hung'oka pamoja nalo.